Kiti Juu ya Chukudu

Mujukuu wangu Baraka, huku Masisi tuko, na ng'ombe ya papa yako imezaa.

Unasema lokomotivu, vile vichwa vya treni munatengeneza kazini, ziko na mwili moja, halafu munatia moteri ya umeme ao ya mazutu, ile dizeli. Unauliza sababu gani muke wako anazionea wivu.

Mimi nilionea wivu chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukumia mizigo. Wakati wa vita, bwana yangu aliipakaa mafuta kila jioni; mimi na mimba yangu, hata kuniangalia hapana. Nilitaka kuipasua kuni!

Siku tulikimbia kutoka Kalembe, akaondosha ubao wa kubebea maharagi, akafunga kiti. Alikichonga kwa siri, kipimo changu. Akanisukuma mpaka Kashuga.

Mimi koko yako, bibi yako, nauliza tu: muke wako, ulishamuchongea kiti?