Bukari ya Mkubwa wa Wauguzi

Numbi, rafiki yangu,

Ni saa sita mchana na nimefunga mlango wa ofisi. Ndiyo, ofisi. Kile chumba kidogo kando ya duka la dawa, ulichosema ukipewa utaweka kiti cha kamba na kulala mchana kama Mzungu. Kiti cha kamba hakipo. Kuna meza, kalenda ya misheni, na chakula ambacho sina hamu nacho. Kwa hiyo nakuandikia wewe.

Tangu nirudi nimekwenda kaburini kwako mara kadhaa, lakini pale sisemi kitu. Shangazi yako huwa yupo anapalilia, akiniona anaanza kulia, nami naishia kumbembeleza yeye badala ya kuongea nawe. Hapa angalau hakuna wa kubembeleza. Hapa hakuna mtu kabisa.

Ngoja nianzie mwanzo, maana hukupenda hadithi inayoanzia mkiani. Daktari alipotafuta muuguzi wa kwenda Elisabethville kusomea usimamizi, alikuchagua wewe. Hakuna aliyeshangaa. Mpaka siku ile wasimamizi wetu wote walikuwa Wazungu, na sisi tulijua kwamba siku Mwafrika akipewa kile cheo, atakuwa Numbi. Kisha wakakupiga picha ya kifua kwa ajili ya safari, kikaonekana kile kivuli. Wewe uliyewashika mabega wagonjwa wa kifua kikuu wakikohoa, miaka yote ile, wakati sisi wengine tulisimama mbali na kushikilia pumzi. Ukahamishiwa chumba cha nyuma, mimi nikapewa nafasi yako kwenye treni.

"Enda weye," uliniambia kupitia dirisha la chumba kile. "Lakini usirudiye na tumbo ya bakubwa!"

Nikacheka. Na wewe ukacheka mpaka ukakohoa. Halafu ukasema jambo jingine, polepole, kama mtu anayeona aibu: "Magonjwa hainiumize sana, Banza. Ni ile sahani ya pa mulango njo inaniumiza." Walikuwa wanakuwekea chakula chini, nje ya mlango, wanagonga mara moja na kuondoka. Siku ile nilikusikia kwa masikio tu.

Masomo yalikuwa mazuri, Numbi. Nakuambia kwa sababu najua ungeniuliza mpaka nichoke. Walitufundisha kupanga zamu ili mtu asikeshe mpaka apoteze akili. Walitufundisha kupokea wadi kitanda kwa kitanda, si kwa kupiga kelele mlangoni "bote bazima!" kama tulivyozoea. Kumkosoa mtu pembeni na kumsifu mbele ya watu. Hilo ungelipenda sana. Mwalimu wetu alikuwa mama wa Kibelgiji, mfupi, mwenye sauti ya kusimamisha treni, na nilimwamini kwa kila neno. Alituambia pia kwamba msimamizi asile na walio chini yake. Mkono uliochovya mboga pamoja nao leo, alisema, kesho utashindwa kuwaadhibu. Hilo nalo nikalibeba nyumbani.

Nilishuka treni hapa Kamina nikamkuta Kabamba, yule muuguzi mkubwa wetu kwa umri, amekuja kunipokea. Alichukua sanduku langu, akatembea kidogo, ndipo akasema, "Numbi alishaenda." Nilidhani umekwenda Kinkondja kwa mama yako kula samaki na kupumzika. Nikamuuliza utarudi lini. Alisimama katikati ya reli, akalitua sanduku chini, akanitazama.

Hata wiki ya kilio haikuwa imekwisha sawasawa moyoni mwangu, nikaanza kazi. Siku ya kwanza, saa sita, nikafanya nilivyofundishwa: nikaagiza chakula changu kiletwe ofisini, nikafunga mlango. Wewe ungekuja kuupiga teke. Kabamba yeye alisimama uani akatangaza, kila mtu asikie:

"Mumuache! Mulopwe habamuonake pa kukula!"

Kicheko chake kilifika mpaka wadi ya wanaume. Nami nilicheka, peke yangu, mdomo umejaa. Babu zetu walisema Mulopwe, mfalme wa Waluba, hula amejificha, jicho la mtu lisimwone akitafuna, kwa kuwa yeye si mtu kama watu. Waluba wa kale na yule mama wa Kibelgiji, sijui kama kuna jambo jingine duniani wangekubaliana. Nilidhani utani utakwisha baada ya siku chache. Haukwisha. Ulibadilika ukawa desturi ya hospitali. Chakula kinawekwa mlangoni, mlango unagongwa mara moja, na nikifungua namkuta aliyeleta ameshapinda kona. Siku moja nilisimama pale nikakumbuka maneno yako ya dirishani, juu ya ile sahani.

Unakumbuka kule nyuma ya jiko? Beseni moja la bukari, ule ugali wetu, sombe ya majani ya muhogo, na wewe ukiiba kichwa cha samaki mbele ya macho yetu huku ukituhubiria juu ya wizi. Tulidhani tunapiga soga tu. Kumbe mambo yote ya hospitali yalipita pale. Nani ana kidonda kinachonuka, nani amekataa dawa, mtawa gani ameamka vibaya, sufuria gani inavuja. Mtu alikuwa anameza tonge na kusema, na wote tunajua. Chuoni walitupa masomo mengi ya namna habari inavyopanda kutoka chini hadi kwa mkubwa. Kwetu ilikuwa haipandi, ilikuwa inazunguka beseni.

Basi mwezi uliopita chombo cha kuchemshia sindano kiliachwa motoni mpaka maji yakakauka, sindano za kioo zikapasuka karibu zote. Mpishi alijua. Mlinzi wa lango alijua. Nadhani hata mbuzi wa misheni walijua. Mimi nilijua pamoja na daktari, asubuhi ya upasuaji, aliponiuliza mbele ya wote sindano ziko wapi. Niliwatazama wenzangu, wao wakatazama sakafu.

Daktari hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Aliniita baadaye akasema kwamba baada ya Pasaka anakwenda likizo kwao. Kabla ya hapo anataka aone kama watu wananiletea mambo ya wadi. Wasiponiletea, ataomba msimamizi wa Kizungu, na itasemwa kwamba Mwafrika alijaribiwa Kamina akashindwa. "Hutakuwa wewe peke yako utakayeshindwa," alisema. Numbi, cheo hiki kilikuwa chako. Nikikipoteza, nitakuwa nimekuzika mara ya pili, na safari hii nikiwepo.

Jana nikafungua mlango. Nikabeba chakula changu mpaka nyuma ya jiko, nikanawa, nikachuchumaa kati yao, nikamega bukari yao. Hakuna aliyepiga kelele wala kunitukana. Ningependa wangenitukana. Mmoja alimeza, akainuka, akasema ana vidonda vya kufunga. Mwingine akamfuata. Wakaondoka hivyo hivyo, kwa adabu, mpaka kwenye beseni ikabaki bukari yenye alama za vidole vyao.

Alibaki Kabamba. Labda ni magoti yake, labda ni samaki alikuwa hajaisha. Alikula bila kunitazama. Halafu akasema, kama anayeongea na mboga:

"Ule muzee wa Mulongo, wa ngiri, hayakojoa tangu jana asubui. Anasikia haya kwambia batoto."

Mzee yule, aliyeletwa kutoka Mulongo, alikuwa amepasuliwa ngiri juzi. Zamu ya usiku ilinikabidhi kitanda chake na kusema yuko salama, na mimi mwenyewe nilipita, nikamsalimu, akaniitikia vizuri. Nilikimbia na bukari vidoleni. Tumbo lake lilikuwa limekaza kama ngoma. Nilinawa, nikatundika shuka pande zote vijana wasimwone, nikampitishia mpira wa kutolea mkojo mimi mwenyewe. Mkojo ulipoanza kutoka alinishika mkono akalia kwa nafuu, akanishukuru kwa Kiluba, "Wafwako, tata", mzee wa rika la baba yangu ananiita baba.

Nilirudi nyuma ya jiko karibu nikikimbia, nina hamu ya kumwambia mtu. Beseni lilikuwa limeshaoshwa na kufunikwa juu chini. Kabamba hayupo. Nilisimama pale na mikono yangu inayonuka sabuni ya hospitali, nikakutaka wewe, Numbi, kuliko nilivyokutaka siku nilipoambiwa umekufa. Ni wewe tu ungeelewa furaha ile bila kunidhania najisifu.

Sitakudanganya. Leo nilikosa moyo, nikaufunga mlango tena, ndiyo maana barua hii ipo. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mimi sasa ni kidole kimoja. Lakini Kabamba alisema. Hakuniangalia, lakini alisema, na mzee wa Mulongo asubuhi hii ameomba uji.

Naacha kalamu, wako nyuma ya jiko sasa hivi, nasikia vicheko vyao. Pumzika, ndugu yangu. Kikohozi hakikufuati tena huko. Cheo chako sikiachi, nakuahidi. Naenda kukaa nao leo, na kesho, na kila siku mpaka Pasaka. Wakiinuka, wainuke. Nitabaki palepale nikila peke yangu, mbele ya macho yao.

Banza