Pikapu Inayokunywa Maji

Kibaoni, 4 Agosti 1996

Mwanangu Sylvanus,

Huku wote tumeamka wazima, ila dada yako Mariana tumbo sasa linamtangulia mlangoni. Na wewe huko gereji Tabora, kifua kimepona?

Daktari kasema safari hii tena atapasuliwa, kwa hiyo mwezi ujao nampeleka Mpanda mwenyewe kwa pikapu yangu. Nathanael wa mashine ya mpunga eti alitaka kutupa nafasi kwenye lori lake. Mimi Manyanda nipande lori la watu wakati nina gari uani? Tena pikapu ina afya! Ikitoka mnadani inakunywa debe zima la maji, na chini haidondoshi hata tone. Ikichemka naimwagia ya baridi, inatulia.

Baba yako,
Manyanda

Tabora, 15 Agosti 1996

Shikamoo baba,

Kifua kimepona. Mama naye mfikishie shikamoo yake. Barua yako imenifanya niache chai mezani.

Baba, ng'ombe akinywa debe zima halafu hakojoi, ungemfunga jembe? Maji ya pikapu hayadondoki kwa sababu yanaingia ndani ya injini. Juu ya injini kuna kifuniko kizito, na chini yake gasketi inayozuia maji yasiingie kwenye moto. Injini ikichemka, halafu ukaimwagia ya baridi, kifuniko kinapinda na gasketi inaungua.

Chomoa kijiti cha oili. Ukiona oili imekuwa kama chai ya maziwa, usiiwashe tena. Nimetuma gasketi mpya kwa treni. Fundi akishaifunga, toa mapumba kwenye rejeta kila ukitoka shamba, na mshale wa joto ukipanda, simama, injini ipoe yenyewe.

Ukaidi wako naujua, baba. Naogopa. Barabara ya Mpanda inapita katikati ya hifadhi ya wanyama, na mle hakuna wa kumwita.

Mwanao,
Sylvanus

Mpanda, 9 Septemba 1996

Mwanangu,

Mimi mzima, nakuandikia nikiwa kwenye benchi la hospitali, mgongo tu unauma.

Barua yako ilinikasirisha. Mtoto wa juzi anifundishe ng'ombe! Nikaitupia kabatini. Uchungu ukamshika Mariana kabla ya siku zake, gasketi haijafika. Pikapu ikawaka mara moja, mama yako keshapanda, Mariana yuko kwenye kiti analia. Lakini ile ya kukojoa ilikuwa imenikaa kichwani. Nikashuka, nikachomoa kijiti.

Mayu! Chai ya maziwa kabisa. Nikazima.

Nikaenda kwa Nathanael, kofia mkononi. Akaniambia, "Mzee Manyanda, leo unapanda lori la watu?" Nikamjibu napanda, hata na kulisukuma nitalisukuma. Akacheka, akachukua ufunguo. Mariana na mama yako walikaa mbele, mimi juu ya magunia ya mchele. Mle hifadhini tulipita simba wamelala kando ya barabara. Niliwatazama, nikakukumbuka wewe.

Mariana kapasuliwa, yuko salama. Mtoto ni wa kiume. Ananyonya sana, na anakojoa. Nimekagua mwenyewe.

Baba yako, na sasa babu tena,
Manyanda