Kashata Amebaki Kwangu

Wema, Jumamosi

Kwa dada yangu Fahima, Kau,

Salamu zangu zikukute mzima wewe na wanao. Goti la shemeji limepoa? Sisi hapa wazima, mto umetulia na mpunga wa mama umeanza kuchanua. Anakusalimu sana.

Najua umeshasikia kwamba Warsame amenipa talaka moja. Kosa langu ni mdomo. Tangu amuoe yule Nimo sikumpa usingizi, na unanijua, nikianza wivu sichoki mapema. Nikarudi kwa mama kukaa eda, na Kashata, paka wetu, nimemtia kikapuni. Vyombo vyote nilimwachia Nimo. Lakini paka niliyemlea mimi, leo akunwe kichwa na Nimo? Thubutu!

Wiki ya pili Warsame akaja na wazee watatu kumdai. Alisema paka alimwokota yeye, pale soko la mbuzi Garsen. Nikasema aliyemlisha maziwa kwa kidole ni mimi. Mzee Godhana, ambaye maisha yake yote ameamua kesi za ng'ombe, akaamua na hii vivyo hivyo: mnyama aachwe katikati ya ua, kila mmoja amwite kwa sauti aliyomzoeza, atakayefuatwa ndiye mwenyewe. Mama alicheka hadi akashika mbavu, akawaambia huyo ni paka, si mtamba.

Mimi sikucheka. Niliingia jikoni nikapaka pindo la leso yangu mafuta ya kambare. Warsame aliita kwanza, kwa sauti ya upole niliyokuwa sijaisikia tangu Nimo aingie. Kashata akageuza masikio. Nikaita mimi, nikatikisa leso, akaja mbio. Wazee wakasema haki imeonekana, ila Warsame aruhusiwe kuja kumjulia hali kila Ijumaa.

Sasa nikwambie jambo ambalo hata mama halijui. Ijumaa ya kwanza nilimwambia Warsame kwamba Kashata anaumwa, hataki kula. Uongo mtupu, alikuwa uvunguni ameshiba. Tangu hapo kila Ijumaa namfungia chumbani na kusema hajapona, ili mwanamume arudi tena. Eda yangu imebaki siku tisa, na kabla haijaisha neno lake moja tu latosha kunirudisha. Najifukiza udi, navaa vizuri, namfungulia mlango mwenyewe.

Jana alikuja na bodaboda kutoka Garsen, ana dawa na chupa ya maziwa ya ngamia, machozi yanamlenga. Aliuliza kama Kashata amekunywa maji, kama amelala. Mimi hakuniuliza neno. Siku niliyobeba sanduku langu hakutoka hata mlangoni.

Nilidhani namwonea wivu Nimo. Fahima, namwonea wivu paka. Maziwa aliyoletewa nimeyanywa mimi.

Wabusu watoto, na barua hii ukishaisoma itie motoni. Niombee hizo siku tisa.

Mdogo wako,
Mwanaarusi