Baba, Usimpe Mutuma Tochi

Mpendwa baba,

Unisamehe kwa kukawia. Tangu uende Embu kwa kaka nimeanza barua hii mara tatu, na mara zote mtoto ameamka. Meno yanamtoka, halali, na mimi silali. Lakini hiyo ni nusu ya sababu. Kaka aliniambia kwa simu kwamba umemwahidi binamu Mutuma tochi ya gesi ya kuchomelea na mitungi yake, kwa kuwa macho yako hayauwezi tena moto. Sikutaka kukuandikia nikiwa na hasira.

Unakumbuka vile ulivyonianzisha kazi hii? Nilikuwa nimerudi nyumbani Kibirichia na mtoto mchanga, bila baba yake, nashinda jikoni nikilia. Ukaniita kibandani pako pa kazi. "Mama, mwache mtoto na nyanya yake, njoo ushike hii." Umeniita mama tangu nizaliwe, kwa kuwa nina jina la mama yako.

Nikauelekeza moto kwenye fimbo ya shaba. Ikayeyuka, ikadondoka mezani vitone vitone. Ukavitazama.

"Hizo shanga ni za nani, mama? Leta uzi."

Nikacheka, mara ya kwanza tangu nirudi. Ukanishika mkono, tukauzungusha moto polepole kwenye bomba lenyewe tulilokuwa tukiliunga mpaka likaiva, jekundu, ndipo ukagusisha fimbo. Shaba ikanyweka kwenye kiungo kama maji kwenye udongo mkavu. "Usiichome fimbo," ukasema. "Choma bomba. Fimbo itakuja."

Juma lililopita Mama Kinoti alileta bomba la kunyunyizia dawa ya viazi, limeachia kwenye kiungo. Ukungu ulikuwa umekaa siku tatu, na wajua ukungu unavyoyaozesha majani ya viazi.

"Mzee yuko?"

"Niko mimi."

"Basi nitangoja mzee."

"Na viazi vitangoja?"

Akakaa kwenye gogo.

Nilikosea, baba, sikufichi. Nilisahau kuliosha kwanza, na unajua watu wetu hawasuuzi bomba wakitoka shambani. Dawa iliyokuwa ndani ikafuka moshi mkali. Nikazima, nikatoka nje nikikohoa. "Si nilisema tungoje mzee," akasema. Nililiosha kwa sabuni, nikalisugua mpaka likang'aa, nikaanza upya. Likaiva, fimbo ikaja. Alipolifunga kwenye pampu na kujaza maji, alipampu kwa nguvu zote, kama anayetaka kunishika uongo. Halikutoa hata tone.

"Haya," akasema. "Kesho nitaleta la jirani." Na akalileta.

Mutuma ni mtu mwema, lakini ana shamba lake la miraa kule Maua. Mimi nina hii. Sikuombi kama mtoto anayeomba sukari. Nakwambia, tochi haitoki hapa. Nikiiwasha huwa natamani ungekuwa umekaa mlangoni. Hata bila kuona, ungejua kwa sauti ya moto kwamba nimeuweka sawa.

Mtoto analia, wacha nikuage. Ukipata mtu wa kuja huku, nitumie nozo ndogo, ile ncha ya tochi uliyoenda nayo kwenye mfuko wa koti, miwani yako ya giza, maana yangu imepasuka, fimbo sita za shaba, na kopo moja la ule unga mweupe wa kupaka kwenye kiungo. Na umpigie Mutuma simu, wewe mwenyewe, si kaka, umwambie asije.

Ni mimi binti yako,
Karimi