Mzigo wa Mama Mkwe Nilioufungua

Mama Vero mpenzi wangu,

Kabla hujasoma mbali, nakusihi: barua hii isome peke yako, usimsomee mtu hata neno moja, hata mdogo wako mnayelala naye chumba kimoja. Ukimaliza, itie jikoni iungue. Mimi ni karani wa serikali. Habari hizi zikifika hapa Mpanda, watasema karani amerukwa na akili, na sijui nitaweka wapi uso wangu.

Hii ni wiki ya sita tangu uondoke na mtoto.

Nakumbuka siku zetu za mwanzo. Ulinikuta napanga njiti za kiberiti, vichwa vyote vitazame upande mmoja. Ukasema, "Bwana karani, na hizi nazo zina vyeo?" Ukageuza moja, ukakimbilia uani ukicheka, nami nikacheka. Lakini ulipokwenda kisimani niliirudisha. Sikuwahi kukuambia.

Kisha nikabandika ratiba ukutani: kufagia, kupika, kumnyonyesha mtoto. "Vero hajui kusoma, Baba Vero," ulisema. "Akilia saa nne nimwambie angoje saa tano?" Nilikujibu kwa upole kwamba nyumba isiyo na utaratibu haina baraka. Ulifua shati langu, nikalifua tena. Ulitandika kitanda, nikakitandua. Kila mara niliona nakusaidia. Hilo ndilo linalonitisha sasa: sikujiona nakosea hata siku moja. Niliona mnakosea nyie.

Ofisini ni vilevile. Tangu wakimbizi kutoka Burundi waanze kuletwa Katumba kazi zimezidi, na mimi barua ya mistari sita naipiga taipu mara nane. Mkubwa wetu aliniambia mbele ya watu, "Kijana, mimi nataka barua ifike, wewe unataka ipendeze. Tutafika kweli?" Wenzangu wakaangua kicheko. Hasira ile niliileta nyumbani, nikaimalizia kwa kupanga upya vikombe vyako.

Ndipo mama yako akaja kutoka Kabungu kumwona mjukuu. Aliweka mzigo wake wa khanga karibu na mlango, mkaenda wote kisimani. Mzigo ulikaa upande, fundo limelegea, ncha ya nguo imechomoza. Nilijaribu kusoma gazeti. Nikatoka nje. Nikarudi, nikaufungua. Nilikunja nguo zake moja moja, hata zile ambazo mwanamume hapaswi kuziona za mama mkwe wake, nikaufunga upya pembe zikakaa sawasawa.

Mliporudi mama aliangalia lile fundo. Mimi hakunitazama. Alikuuliza wewe, "Umefunga wewe?" Ukanigeukia mimi. Akajifunika uso. "Mwanangu, mkwe amenifunua. Nitakaaje tena mbele yake?" Akaondoka bila kunywa hata maji. Nami, Mungu anisamehe, nilikuambia, "Lakini sasa umekaa vizuri." Ukambeba Vero mgongoni, ukamfuata mama yako.

Nimekwenda kwa daktari wa misheni. Alinisikiliza sana, kisha akaniuliza, "Mkeo akiweka vikombe anavyotaka yeye, unaogopa kitatokea nini?" Nikajikuta nalia mbele ya mtu nisiyemjua. Alisema si wazimu wala sijarogwa. Ni tabia iliyokaza kupita kiasi, na ina jina la Kiingereza refu kama treni ya Tabora. Vidonge haviiondoi. Itapungua polepole, nikijizoeza kuacha vitu vikae vibaya nami nivitazame tu. Leo asubuhi nimeondoka bila kutandika kitanda. Mchana nikarudi kukitandika. Siwezi kukudanganya. Kesho nitajaribu tena.

Unakumbuka mvua ilivyotukamata njiani tukitoka Sitalike? Ulivua viatu, ukanishika mkono, ukanivuta kwenye matope na shati langu jeupe. Ukasema, "Leo umekuwa mtu!" Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Mtu yule ndiye ninayetaka akurudie, ingawa sijui kama nitamweza kila siku.

Baba yangu mkubwa amekubali kunitangulia kwa mama yako, akiwa na mbuzi, tuombe msamaha kama desturi inavyotaka. Sitakanyaga uani kwake mpaka mwenyewe aniruhusu. Ila baba mkubwa hataki kuondoka bila neno lako. Anasema, "Mbuzi hapatanishi watu kama mke mwenyewe hajakubali." Na mimi naogopa kukuuliza, Mama Vero, kwa sababu unaweza kukataa, na utakuwa na haki.

Usiniandikie ofisini, kule barua hufunguliwa mbele ya watu. Nenda kwa fundi cherehani wa hapo Kabungu. Shemeji yake ndiye anayeendesha lori la mahindi linalokuja Mpanda kila Ijumaa. Mpe neno moja tu ampelekee, "waje" au "wasije". Hawatajua maana yake. Nitamngojea dereva ghalani, penye mizani. Kama bado hujaamua, asiniletee neno lolote. Ijumaa inayofuata atanikuta palepale.

Mumeo,
Baba Vero