Jiwe la Juu ya Mlango

Songo, Uvira, Agosti 1966

Kaka Ildephonse,

Nyumba iko na mlango! Nimeanza na hilo kwa sababu siwezi kungoja.

Ile ya matofali ilichomwa ulipokuwa umeondoka. Mama akaamua kujenga kwa mawe ya shapeli, kanisa letu dogo lililoanguka. Lakini mawe yale yana wenyewe: zamani, ili kuijenga, wachumba wawili wawili walibeba jiwe lao kutoka mtoni kabla padri hajawafungisha ndoa. Tukaomba kwa jirani mmoja mmoja. Mama Domitille alilipapasa lake akicheka: "Beba tu! Limedumu kuliko bwana yangu."

Likabaki moja, refu, la kulala juu ya mlango. Ni la Mzee Sylvestre. Waasi walimuua mtoto wake, na watu walikuona weye ukitembea na waasi hao. Mama aliogopa kwenda.

Nikaenda minye, ninayetetemeka mwalimu akiniuliza kwa Kifaransa! Nikasema tu, "Baba, tunaomba jiwe." Akafunga mlango. Nililia njia nzima.

Leo asubuhi amelileta, yeye na wakwe zake, wakilivuta kwa kamba. Amelipandisha na kulipaka udongo mwenyewe. Kisha akaniambia: "Andikia kaka yako arudi. Apite chini ya jiwe langu, anitazame, aniambie alikuwa wapi siku ile."

Kaka, hakusema kwa hasira! Unaweza kurudi! Mama analia na kucheka pamoja.

Jirani yetu Apolline anavuka mpaka pale Kavimvira kesho, akuletee barua hii. Mimi sikuulizi kitu. Jibu lako mpe Mzee Sylvestre.

Mdogo wako,
Agathe