Udongo wa Kibati

Himbi, Goma
Agosti 2025

Mwanangu mpenzi Élisée,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kampala, wewe na Élodie na wajukuu wangu, na kwamba yule mdogo kikohozi kimemwachia. Nasi huku tupo. Ukitaka kujua hali yangu, miguu imevimba hadi magotini, pumzi imekuwa fupi, na daktari ameacha kuniambia nirudi lini. Ananiambia tu nile ninachokipenda. Nilifundisha watoto kusoma kwa muda mrefu, mwanangu. Sentensi ya namna hiyo najua kuisoma.

Anayenihudumia ni Uwamariya, yule mama aliyelima shamba letu la Kibati tangu ukiwa mwanafunzi. Vita vilipomwondoa huko alikaa kwenye kambi ya Mugunga, na kambi ilipovunjwa nilimwita hapa nyumbani. Ananigeuza kitandani, ananiosha, ananipikia uji wa mtama na kunigombeza nisipoumaliza. Husema nina shingo ya kuku na kiburi cha askofu. Kumbuka hayo niliyokuandikia juu yake, maana nitamrudia.

Umenitumia ujumbe mwingi kwa simu kuhusu yule mnunuzi wa shamba, nami kila mara nilikujibu kwamba nimechoka, tutaongea. Haikuwa kweli. Jambo hili haliongeleki kwa simu. Ungeniuliza maswali kabla sijafika mwisho, nami ningepata mlango wa kukimbilia. Ndiyo maana nimemwomba Luc, dereva wa lori wa jirani yetu, akuletee barua hii mkononi.

Mnunuzi amekuja tena hapa Himbi. Ni mtu wa adabu, alivua kofia, alimsifu marehemu baba yako. Aliniambia kwamba mmeelewana na imebaki sahihi yangu tu, maana shamba liko kwa jina la mjane. Nikamuuliza atapanda nini. Akacheka, akasema mama, nani anapanda siku hizi? Atapeleka mashine, akombe udongo wote aupakie kwenye malori, auuze kwa wenye majumba hapa kando ya ziwa wanaotaka bustani za maua juu ya mawe. Udongo ukiisha, atavunja mwamba na kuuza kokoto. Nilimwambia kalamu yangu imekauka. Aliondoka akidhani nataka aongeze bei, na nadhani nawe umedhani hivyo. Najua ndege haziruki, benki zimefungwa tangu Januari, na biashara yako imesimama. Lakini sahihi sitaitia. Sababu yake nitakueleza. Nivumilie, maana lazima nianzie kwa baba yako.

Baba yako Hilaire Kamate alitoka milima ya Lubero na mbegu za vitunguu ndani ya soksi. Tulifika Kibati mwaka wa 1999. Alimpa chifu mbuzi na pombe ya ndizi, akapewa kipande chini ya volkano, akakilima vizuri. Miaka mitatu baadaye mlima ukapasuka. Hilo unalikumbuka mwenyewe: tuliporudi, shamba letu lilikuwa mwamba mweusi unaotoa moshi. Majirani wengi walikuwa wametawanyika, wengine hawakurudi tena. Baba yako aliketi juu ya jiwe kutwa nzima. Kesho yake akaanza kulivunja kwa nyundo.

Alikuwa na wazo moja: kama mlima umefunika udongo, ataleta udongo mwingine. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na bonde dogo ambalo moto haukulifikia, lenye udongo mweusi, laini, mwingi kuliko popote Kibati, na hakuna aliyelima pale. Tukaubeba kwa vikapu, baba yako, vibarua wawili, mimi nikitoka shuleni, na wewe. Tuliujaza kati ya mawe hadi kina cha jembe. Wapita njia walisimama kutucheka. Kulikuwa na muzee mmoja aliyesukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kila siku, akimwita baba yako kwa sauti: "We Papa, mawe yako yameota meno?" Baba yako alimjibu: "Ngoja, utakuja kuyala!"

Na kweli alikuja. Vitunguu vya kwanza vilikuwa vikubwa kama ngumi. Watu walishuka kutoka Rutshuru kuja kuona vitunguu vilivyoota juu ya mwamba, na baba yako aliwafundisha wote, bila kuficha ila jambo moja. Wakamwita Papa Kitunguu. Uchaguzi wa 2006 ulipokuja, walimsukuma agombee udeputé, yaani ubunge wa provinsi. Kwenye picha zake alishika udongo viganjani. Wapinzani walipiga kelele: "Papa Kitunguu, utatuliza!" Watu walicheka, wakampigia kura.

Wewe hukuwepo siku hizo. Ulikuwa umepelekwa Butembo, kwa shangazi yako, ukiwa na miaka kumi na mitatu, katikati ya muhula. Najua kidonda hicho hakijapona. Siku ya harusi yako ulipokunywa kidogo, ulimwambia mke wako mbele yangu kwamba baba yako alikufukuza nyumbani kwa ajili ya mpira. Ni kweli kwamba ulikuwa umejitengenezea mpira wa kamba na vipande vya turubai la bluu. Ni kweli kwamba baba yako aliuchoma, akakupiga vile ambavyo hakuwahi kumpiga mtoto, na juma hilohilo akakupakia kwenye gari. Wewe ulijua kosa lako ni kuacha vikapu na kwenda kucheza. Nami nilikuacha ujue hivyo.

Ulimjengea baba yako kaburi la vigae kando ya barabara, likaonekana na kila apitaye. Kabla hajafa alituomba alazwe pembe ya juu ya shamba, ndani ya mkeka, bila sanduku. Ulilia, ukasema mheshimiwa hazikwi kama mkimbizi, watu watatucheka. Ukaleta sanduku lenye kioo. Sikukulaumu, na sikulaumu hata sasa. Hukujua aliomba nini.

Basi sasa nasema.

Lile turubai la bluu ulilitoa kwenye udongo. Hukuuliza lilifikaje pale. Ulikuwa mtoto, uliona kitu cha kuchezea. Siku ile nilipokuja na kikapu changu nilimkuta baba yako amepiga magoti bondeni, ameshika taya dogo. Lilikuwa na meno ya utoto. Chini yake kulikuwa na turubai lile lile, na mikeka, na watu. Ni wale wa mwaka wa 1994, wakimbizi waliokufa kwa kipindupindu, waliookotwa barabarani na kulazwa pamoja bondeni bila msalaba wala jina. Sisi tulikuwa bado Lubero mwaka huo, hatukujua. Waliojua walikuwa wametawanywa na moto. Ndiyo maana udongo ulikuwa laini. Ndiyo maana hakuna aliyelima.

Baba yako aliwaachisha kazi vibarua, akakuondoa wewe ili usiguse tena. Hakukuchukia, Élisée. Hakuweza kukuangalia ukiwa na vumbi lile nyweleni. Mimi nilidhani ataacha. Aliniambia mbegu iko kitaluni, hatuna kitu kingine duniani, na wafu hawatarudi tukiacha. Nami, niliyesoma kwa Masista, sikumwambia hapana. Nilichukua chekeche langu la unga. Asubuhi nilifundisha, mchana nilichekecha udongo. Mifupa tuliyoitambua tuliitia magunia ya vitunguu, tukaifukia pembe ya juu, pale alipoomba alazwe. Mingine ilikuwa imelainika, haikutofautishika tena na udongo. Hiyo tuliilima. Ulisoma kwa vitunguu vile. Tulikula sote.

Hayo ni ya baba yako na yangu. Yafuatayo ni yangu mimi.

Katika mkutano wa kampeni pale Kibati mwanamke mmoja mwembamba alisimama. Alisema mumewe na mabinti zake wawili walikufa pale mwaka wa kipindupindu, naye mwenyewe alikuwa amelala hajitambui. Alipoamka walikuwa wameshachukuliwa. Alirudi kila mwaka kuuliza. Akamwambia baba yako: "Papa, weye unajua udongo ya hapa kushinda watu wote. Watu wetu waliwaweka wapi?" Nilikuwa nimesimama kando nikimshikia mwavuli. Baba yako alimjibu kwa upole kwamba moto wa mlima ulifunika kila kitu, mama, hakuna tena mahali. Watu wakaguna kwa huruma. Yule mwanamke alikuwa Uwamariya. Jioni hiyo baba yako alimpa kazi ya kulima. Aliniambia angalau awe karibu nao.

Alilima pale hadi vita hivi vilipomwondoa. Kila Julai aliweka maua kando ya barabara, kwa kukisia, kisha akarudi kwenye matuta yetu. Baba yako alikufa, nikawa huru kusema, sikusema. Niliogopa jina la mheshimiwa. Baadaye niliogopa nani ataniosha.

Mnunuzi alipotaja malori ndipo nilipomwita Uwamariya akae kitandani kwangu. Nilimweleza kama nilivyokueleza, pamoja na chekeche. Hakulia. Aliniuliza kama mabinti walikuwa na nywele, nikasema sijui. Akainuka, akamaliza kuanika nguo, akaenda. Nililala nikinuka mkojo wangu hadi jirani aliponisikia.

Alirudi baada ya siku kadhaa, amepita vizuizi vyote kwa miguu hadi Kibati, na kucha zake zilikuwa nyeusi. Alisimama mlangoni, akasema amejaribu kuchagua. Amepita tuta kwa tuta, amechota, amenusa, na hakuweza kujua ni kiganja kipi kilicho cha watu wake. Kwa hiyo, akasema, hakuna hata kiganja kimoja kitakachopanda lori. Kisha akachukua beseni kuniosha. Ananiosha vizuri kama zamani. Lakini haniiti tena Mama. Ananiita Madame, kama wanafunzi wangu walivyoniita, na uji nisipoumaliza hanigombezi.

Hivyo, mwanangu, nimeita watu wawili wa parokia kuwa mashahidi, nikaandika kwamba shamba la Kibati ni makaburi, na mlinzi wake ni Uwamariya. Baada yangu, ungeweza kwenda mahakamani ukashinda. Jina la baba yako bado lina nguvu. Nakuomba usiende. Ukiwa na hasira, niandikie mimi, nikiwa bado na macho ya kusoma.

Kuhusu maziko yangu, usinunue sanduku. Ningependa kulala pembe ile ya juu, kwenye mkeka, ila si wewe wala mimi tunaoweza kuamua. Muulize Uwamariya. Akikataa, nipeleke kwenye makaburi ya mji, wala usimbembeleze. Vile vigae vya baba yako navyo, akitaka viondolewe, viondoe mwenyewe kwa mikono yako.

Nisalimie Élodie, na wajukuu nawabusu mmoja mmoja. Mama wa jirani anakusalimu, dada yako Rosine anakusalimu toka Butembo, watu wa jumuiya yetu ya sala wote wanakusalimu. Uwamariya yuko uani, namsikia akichota maji. Kama naye anakusalimu sijathubutu kumuuliza.

Ni mimi mama yako,
Thérèse